Neno Alfabeti na Sauti za Nyangumi

Tarehe 7 Mei 2024 jarida la Nature Communications lilichapa makala ya wataalamu saba juu ya sauti za nyangumi wa bahari ya Karibi. Makala haya yametungwa kwa uangalifu mkubwa, na hesabu zake ni za watu wajuao kuhesabu. Walakini ndani yake mna jina moja ambalo halikukaa muda mrefu katika kurasa zake. Jina hilo ni "alfabeti ya fonetiki". Kabla ya juma kwisha lilikuwa limeenea katika magazeti ya dunia, na kwa kadiri lilivyoenea ndivyo lilivyozidi kunenepa: alfabeti ikawa lugha, lugha ikawa mazungumzo, na mazungumzo yakasemwa kuwa yako karibu kutafsiriwa. Msomaji wa Kiswahili, ambaye tangu utotoni amesikia habari za Nabii Suleiman kufahamishwa usemi wa ndege na wa wadudu, hakuona neno geni. Aliona jambo aliloambiwa kuwa liliwezekana mara moja kwa muujiza, sasa likiahidiwa kwa mashine.

Ahadi hiyo yastahili kupimwa na watu wa fasihi pia, wala isiachwe kwa watu wa bahari na watu wa mashine peke yao. Sababu ni kwamba vyombo vilivyotumika ni vya wanabahari na wahandisi, lakini majina yaliyotumika yalikopwa kwingine. Wimbo, ubeti, kina, pambo, vokali, alfabeti: haya ni mali ya mwalimu wa lugha na ya mtunzi. Mtu akiazima jembe la jirani, jirani ana haki ya kwenda kutazama linalimia nini.

Habari za vyombo hazihitaji maneno mengi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, ilhali nuru hufifia upesi kila mtu azamapo. Kwa hiyo mnyama akaaye kilindini huishi kwa sikio kuliko kwa jicho. Binadamu alianza kusikia vizuri huko chini alipopata haidrofoni, yaani kinasa sauti kisichodhurika na maji, na haidrofoni ilikuzwa kwa ajili ya vita, ili nyambizi za adui zisikike zikali mbali. Wataalamu wa Woods Hole, Marekani, L. V. Worthington na William Schevill, walichapa mwaka 1957 habari za sauti walizoamini kuwa za nyangumi wakubwa wenye meno. Baadaye vikaja vidude vya kunata kwa vikombe vya mpira mgongoni mwa nyangumi, vikirekodi sauti, kina cha mbizi na mgeuko wa mwili kwa pamoja. Na sasa kuna ndege ndogo zisizo na rubani, maboya yenye kusikiliza usiku na mchana, na akili mnemba ya kupanga yaliyosikika. Hivyo ndivyo vyombo. Mgogoro uko katika majina.

Jina la kwanza kukopwa lilikuwa wimbo. Mhandisi Frank Watlington, aliyekuwa akisikiliza bahari huko Bermuda kwa kazi za jeshi la majini la Marekani, alinasa sauti za nyangumi wa nundu, naye mwaka 1967 akampa Roger Payne nakala zake. Payne akishirikiana na Scott McVay akazichora sauti hizo juu ya karatasi kwa mashine igeuzayo mlio kuwa picha, na katika picha zile wakaona mpango. Agosti 1971 wakachapa katika jarida la Science kwamba sauti zile ni nyimbo, kwa kuwa zina sehemu zifuatanazo kwa taratibu isiyobadilika na kisha hurudiwa tangu mwanzo. Mlio mmoja mmoja hufanya kifungu. Kifungu hukaririwa hata kikawa dhamira. Dhamira kadhaa zikifuatana ndipo wimbo ukatimia, nao huchukua kati ya dakika 7 na 30. Mwaka mmoja kabla ya makala hiyo sahani ya santuri ya sauti hizohizo ilikuwa imekwisha kuuzwa madukani. Na mwaka 1977 sauti ya nyangumi ilitiwa katika sahani ya dhahabu iliyopelekwa mbinguni na vyombo vya Voyager, pamoja na salamu za lugha 55 za wanadamu. Luganda imo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Nyangumi alitangulia.

Je, jina la wimbo lilikopwa kwa haki? Kwa mizani ya Kiswahili jibu ni ndiyo, na ndiyo hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mshairi wa pwani hakuwahi kuuweka wimbo katika maana peke yake. Wimbo kwake ni mizani, ni vina, ni mahadhi, ni kituo kinachorudi mahali pake. Kuna viitikio katika ngoma za pwani ambavyo maneno yake hayana tafsiri, wala hakuna mchezaji aliyewahi kulalamika. Basi mwenye kusema kwamba nyangumi wa nundu anaimba hakusema zaidi ya alichokiona: umbo lililopimwa, lenye kukaririwa, lenye kufundishika.

Lenye kufundishika ni neno la kusimama nalo. Waimbaji ni madume. Madume wote wa eneo moja huimba wimbo mmoja kwa majira yale, na wimbo ule hubadilika kidogo kidogo mwaka hata mwaka, kila mmoja akifuata mabadiliko. Katy Payne ndiye aliyeligundua jambo hili kwa kusikiliza kanda za miaka mingi kwa subira. Kisha mwaka 2000 Michael Noad na wenzake wakatoa habari ya ajabu zaidi: nyangumi wa mashariki ya Australia waliuacha wimbo wao wote na kushika ule wa nyangumi wa magharibi, na mageuzi hayo yalikwisha katika muda wa miaka miwili. Utafiti wa Ellen Garland na wenzake, uliochapwa mwaka 2011, ukaonyesha nyimbo zikisafiri kutoka Australia kwenda mashariki katika bahari ya Pasifiki mpaka visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Mtu aliyeona jinsi mtindo wa beni ulivyotoka pwani ukaingia bara, mji kwa mji, hatashangaa sana. Atashangaa tu kwamba waliopokeana hawana miguu.

Katika makala zote za nyimbo, iliyo tamu kwa msomaji wa mashairi ni ile ya mwaka 1988 ya Linda Guinee na Katy Payne. Hawa walitafuta katika nyimbo za nyangumi wa nundu kitu kifananacho na vina: vifungu vya dhamira mbalimbali vyenye mianzo au miisho inayolingana. Walivipata. Na walivipata zaidi katika nyimbo zenye dhamira nyingi kuliko katika nyimbo fupi zenye dhamira chache. Dhana waliyotoa ni kwamba huenda vina vile vinasaidia kumbukumbu, ili mwimbaji asipotee njia katika wimbo mrefu. Dhana hii haijathibitishwa. Lakini hakuna mtu katika nchi za Waswahili atakayeiita ya kipuuzi. Utenzi wa beti mia tano ulibebwa kichwani kwa vina vyake. Kina cha mwisho kinachorejea katika kila ubeti kilikuwa pambo kwa sikio, na kwa mghani kilikuwa kamba ya kushikia gizani. Wataalamu hawa wawili walifanya kile ambacho mhakiki angependa kila mtafiti afanye: walikopa istilahi moja ya ushairi, wakaeleza ni sehemu gani yake wanayoitumia, wakaipima, wakaacha iliyobaki.

Sasa turejee kwa nyangumi wa Karibi, ambaye ni wa namna nyingine. Huyu ndiye nyangumi mkubwa mwenye meno, atoaye ile ambari ambayo watu wa pwani waliiokota na kuiuza miaka mingi kabla ya kujua sawasawa itokako. Haimbi. Hupiga vidoko, kama mtu apigavyo kidoko kwa ulimi, ila vidoko vyake ni miongoni mwa sauti kali mno kutolewa na kiumbe hai. Kwa vidoko hivyo huwinda kilindini, akitambua windo kwa mwangwi. Akipanda juu kukaa na wenziwe, vidoko hupangwa kwa mafungu mafupi ambayo William Watkins na Schevill waliyaita koda mwaka 1977. Fungu lijulikanalo sana katika Karibi ya mashariki ni la vidoko vitano: viwili vya polepole, kisha vitatu vya harakaharaka. Jike na watoto na nyanya zao huishi pamoja katika jamaa, na jamaa zenye koda za namna moja hufanya ukoo mkubwa. Wale wa ukoo mwingine, hata wakipita katika maji yaleyale, hawachangamani nao. Kwa hiyo koda ni kama lafudhi ya Mvita na lafudhi ya Amu: ajuaye husikia mara moja mtu ni wa wapi, hata kabla hajaelewa asemalo.

Shane Gero amekuwa akiwafuata nyangumi hawa katika kisiwa cha Dominica tangu mwaka 2005, akiwajua mmoja mmoja. Juu ya kazi yake hiyo ndipo ulipojengwa mradi wa CETI, ulioanzishwa mwaka 2020 chini ya David Gruber, na ndani ya mradi huo Pratyusha Sharma na wenzake walitumia mashine kuzichambua koda 8,719 za nyangumi wapatao 60. Hapo awali koda hizo ziligawanywa katika aina 21. Makala ya 2024 yalionyesha kwamba aina hizo zinaweza kufumuliwa katika sifa nne. Kuna mpango wa mapigo, ambao walipata wa namna 18. Kuna mwendo, wa haraka au wa taratibu, ambao walipata wa namna 5. Kuna kuvutavuta au kubanabana mwendo kidogo katika koda zifuatanazo, sifa waliyoipa jina la kimuziki la rubato. Na kuna kidoko cha ziada kinachoongezwa, ambacho walikiita pambo. Sifa hizi huchanganyika, na michanganyiko inayopatikana ni mingi kuliko aina zile 21.

Ugunduzi huu ni wa kweli na wa thamani. Sifa ya tatu hasa ni ya kusisimua, kwa kuwa nyangumi wawili wakijibizana, mmoja akivuta mwendo kidogo mwenziwe naye huuvuta, mfano wa wapiga ngoma wawili wasiotazamana lakini waliozoeana mikono. Pasipo mashine sikio la binadamu lisingeyapata mavuto hayo madogo. Lakini kuyaita mambo haya alfabeti ni kuweka paa kabla ya kuta.

Herufi au fonimu haijulikani kwa kuwa ni sauti tofauti. Hujulikana kwa kuwa ikibadilishwa, neno hubadilika. Mswahili hujua kwamba p na b ni mbili kwa sababu pata si bata. Na asiyejua kama bata ni ndege hana njia ya kuamua kama tofauti ile ni ya lugha au ni ya mafua ya msemaji. Maana ndiyo ihukumuyo sauti. Katika koda hakuna aliyeonyesha bado kwamba koda ya mpango fulani ikipigwa kwa mwendo wa pili badala ya wa kwanza husema jambo jingine. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mwendo hueleza uchovu, au umri, au hamaki, au heshima. Watungaji wenyewe, kwa uaminifu, wanasema kwamba hawajui maana ya koda hata moja. Ikiwa ni hivyo, walichokipata ni orodha ya tofauti zinazopimika, na orodha hiyo ingeweza kuitwa hivyo bila kupungukiwa na heshima.

Waswahili wana sababu ya pekee ya kulitambua kosa hili. Kwa karne nyingi waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, nazo herufi hizo hazikupambanua e na i, wala o na u, na mara nyingi b ilisimama mahali pa p. Msomaji alijuaje? Alijua kwa kuwa lugha alikuwa nayo tayari. Alikisoma kile alichokielewa. Mgeni aliyefahamu herufi zote pasipo kuijua lugha angeweza kuutamka utenzi mzima kwa sauti nzuri asifumbue hata ubeti mmoja. Alfabeti ni mtumishi ajaye nyuma ya bwana wake. Kumtangaza mtumishi kuwa amefika, ilhali bwana hajaonekana wala haijulikani kama yupo, kunawatia watu haraka ya kutandika kiti.

Itajibiwa kwamba neno alfabeti lilitumika kwa mfano tu. Naam, na mifano ni kazi ya fasihi. Ndiyo maana fasihi huichunguza. Mfano wa rubato haudhuru, kwa sababu muziki haudai tafsiri. Mfano wa pambo hudhuru kidogo, kwa sababu hutangulia kuamua kwamba kidoko kile cha ziada ni cha urembo. Huenda ndicho kiini. Mfano wa alfabeti hudhuru zaidi, kwa sababu huahidi maneno. Na kuna neno jingine la pwani ambalo lingefaa zaidi kwa hali ya maarifa yalivyo leo: mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtu aisikiaye pembe hiyo hajui jambo gani, lakini ana hakika kwamba imepigwa kwa makusudi na kwamba watu wanatakiwa. Pembe ina mapigo yake, ina utaratibu wake, ina wenyewe wanaoitambua, alfabeti haina.

Kazi nyingine mbili za mwaka 2025 zimezidisha utajiri wa hoja. Gašper Beguš wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenziwe, waliondoa vinyamavu vilivyo kati ya vidoko, hata koda ikawa sauti moja yenye kuendelea, wakakuta kwamba vidoko havitofautiani kwa wakati tu bali na kwa rangi ya sauti. Namna mbili walizozipata walizifananisha na vokali a na i. Hapa pia yafaa kusema kama ilivyosemwa juu: rangi ya sauti imethibitika, uvokali bado. Katika jarida la Science Inbal Arnon, Ellen Garland, Simon Kirby na wenzao walizichukua nyimbo za nyangumi wa nundu wa Kaledonia Mpya, za miaka minane, wakazikata vipande kwa njia inayodhaniwa kutumiwa na mtoto mchanga anapoanza kutenga maneno katika maneno ya mama yake. Wakakuta kwamba vipande vichache hutumika mno na vingi hutumika kwa nadra, kwa uwiano uleule unaoonekana katika lugha za wanadamu. Watungaji wa makala hii walikuwa na hadhari ya kupendeza. Hawakusema kwamba nyangumi ana maneno. Walisema kwamba mpango wa namna hii huenda ukatokea popote penye kitu kinachofundishwa kizazi kwa kizazi, kwa sababu hurahisisha kujifunza. Hiyo ni dhana iwezayo kupimwa kwa viumbe wengine, na thamani yake haitegemei nyangumi kuwa msemaji.

Kuna upungufu mwingine ambao si wa jina. Koda si hotuba, ni majibizano. Mmoja hupiga, mwingine huitika, na mara nyingi hupiga kwa pamoja. Fasihi ya Kiswahili yajua hatari ya kuhifadhi jibu na kupoteza swali. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mtunzi wa Mombasa aliyefariki mnamo mwaka 1840, yalikusanywa baada ya kufa kwake kutoka vinywani mwa wazee, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na William Hichens akayapiga chapa mwaka 1940. Mengi katika hayo ni malumbano: yalimjibu mtu, yalimchokoza mtu, yaligusa jambo la siku ile, mapenzi au vita au biashara. Maneno yake yote yanasomeka, na kamusi ipo. Hata hivyo yako mafumbo ambayo leo hayafumbuki, kwa kuwa aliyefumbiwa amekwisha zikwa na kisa chake. Ikiwa lugha ya watu, iliyo hai na yenye wasemaji mamilioni, hupoteza maana yake kwa kukosa kisa, basi koda elfu nane bila visa ni pungufu mara ngapi? Gero na wenziwe wanalijua hili, na ndiyo sababu wanaandika nani alikuwa na nani, nani ananyonyesha, nani amezama. Daftari la mtu aliyekaa mashuani miaka ishirini ni chombo bora kuliko mashine yo yote, na sifa zake hazitajwi nusu ya sifa za mashine.

Wenye matumaini makubwa hutaja jambo lililoonyeshwa mwaka 2017, kwamba mashine huweza kulinganisha lugha mbili bila kamusi, kwa kutazama tu jinsi maneno ya kila lugha yanavyokaribiana. Mfalme hukaa karibu na kiti cha enzi katika Kifaransa kama katika Kiingereza. Ni kweli, lakini njia hiyo hutegemea kwamba wasemaji wa lugha zote mbili wana jua, mvua, mkate, mama na deni. Nyangumi hana mkate, hana mvua ya kumlowesha, huona rafiki yake kwa mwangwi, na chakula chake hukifuata katika giza la mita elfu moja chini. Pengine wana mama. Hapo ndipo pa kuanzia, na ni padogo.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba kazi imekwisha toka katika kusikiliza ikaingia katika kusema. Huko Alaska, mwaka 2021, Brenda McCowan, Fred Sharpe na wenzao walipiga majini kwa kipaza sauti mwito wa kukutana wa nyangumi wa nundu, walioutia katika kanda kutoka kwa kundi la mahali palepale. Jike mmoja aitwaye Twain alikaribia mashua, akaizunguka, naye akawa anaitika. Mwito ulipigwa mara 36 katika muda wa dakika 20 hivi, na Twain alijibu akilinganisha hata urefu wa kimya kilichopita kati ya miito. Makala yao, yaliyochapwa mwaka 2023, yalisifiwa kuwa mazungumzo ya kwanza. Waswahili wana neno kwa tendo hilo, nalo ni hodi. Mtu huja mlangoni akapiga hodi, mwenyewe huitika, na akisha kuitikiwa, mgeni hutaja jina au huingia. Lakini mgeni huyu alipiga hodi, akaitikiwa, akapiga hodi, akaitikiwa, mara thelathini na sita, asiwe na neno la pili. Na watungaji wenyewe wanaeleza, kwa uaminifu unaowatukuza, kwamba Twain alipitia hali tatu: kwanza alivutika, kisha akaonyesha dalili za kufadhaika, mwisho akajiondoa akaenda zake. Ye yote aliyekulia pwani angejua sababu.

Watlington, aliyenasa nyimbo za kwanza pale Bermuda, alizificha kwa muda, akihofu kwamba wawindaji wa nyangumi wangezitumia kuwatafuta. Hofu yake haikuwa ya ndoto. Katika karne ya 20 nyangumi wakubwa waliouawa kwa viwanda walikaribia milioni tatu. Chombo kinachomwita nyangumi hakiulizi anaitwa na nani. Ikiwa CETI au mradi mwingine utapata mwito unaowakusanya jike na watoto mahali pamoja, mwito huo utakaa katika kanda, na kanda hunakiliwa. Kwa hiyo mjadala juu ya nani ana ruhusa ya kupiga hodi baharini, mara ngapi na kwa haja gani, haufai kungoja mpaka tafsiri ipatikane. Mtu aliyekwisha kuaminishwa kwamba alfabeti imepatikana ataona mjadala huo ni wa kuchelewesha barua. Mtu ajuaye kwamba kilichopatikana ni mbiu isiyofahamika atasita.

Wapo wasemao kwamba neno lugha linahitajika hata kama halijathibitishwa, kwa sababu watu hawalindi kisichosema. Hoja hii ina huruma, ila historia haiungi mkono. Santuri ya 1970 iliwatia maelfu ya watu huruma kwa nyangumi, na hakuna aliyedai kuelewa hata kifungu kimoja. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapiga kura ya kusimamisha uwindaji wa biashara. Serikali ya Dominica ilitangaza hifadhi ya nyangumi wake mwezi Novemba 2023, miezi sita kabla alfabeti haijatoka. Na upande wa huku kwetu, ni visiwa vya Shelisheli vilivyopeleka mbele ya Tume ileile, mwaka 1979, shauri la kuifanya Bahari ya Hindi kuwa mahali ambapo nyangumi hawindwi kwa biashara, tangu ncha yake ya kaskazini mpaka digrii 55 za kusini. Shauri likapita. Kila mwaka, kuanzia mnamo Julai, nyangumi wa nundu hupanda kutoka maji ya baridi ya kusini wakapita Mtwara, Mafia, Unguja hata Watamu, wengine na watoto wao. Wavuvi huwaona, na aliye na haidrofoni ndani ya mashua huwasikia.